Kuchagua lenzi ya kufungia adapta ya vioo ya picha za 3D: mwongozo kwa wapigapicha wa Mtwara na Lindi

Adapta ya vioo inafungwa mbele ya lenzi moja, mahali pa kufungia filta. Ndani yake mna vioo vinne: viwili vidogo katikati vilivyokutana kwa pembe, na viwili vikubwa pembeni vinavyotazama mbele. Nusu ya kushoto ya picha inapokea kinachoonwa na kioo cha kushoto, nusu ya kulia kinachoonwa na kioo cha kulia. Vioo vya pembeni vimeachana sentimita 6 hadi 7 hivi, karibu sawa na macho yako, kwa hiyo fremu moja inabeba picha mbili, moja ya kila jicho. Ukizitazama pamoja unapata kina: kitu cha mbele kinakaa mbele na cha nyuma kinarudi nyuma.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba picha zote mbili zinapigwa kwa shata moja, sekunde ileile. Njia ya kupiga mara mbili kwa kusogeza kamera inafaa kwa nyumba na mawe. Kwa wachezaji wa sindimba, wimbi linalovunjika Msimbati au mashua inayoondoka Lindi kuelekea Kitunda haifai, kwa sababu kati ya picha ya kwanza na ya pili kila kitu kimeshahama.

Wengi wanaonunua adapta hii huijaribu mara chache, wakaona kona nyeusi na ukungu katikati, wakaitupa kabatini wakisema ni feki. Mara nyingi adapta ni nzima, ila lenzi iliyo nyuma yake siyo. Hapa lenzi ya bei kubwa na inayokusanya mwanga mwingi haina nafasi ya pekee. Kinachotafutwa ni lenzi yenye pembe inayolingana na vioo, mdomo (ringi ya mbele) usiozunguka, na tundu dogo la kupitishia mwanga.

Hatua ya 1: Ijue adapta kabla ya lenzi

Geuza adapta utazame nyuma, kwenye ringi ya kufungia. Nyingi za zamani, kama zile za Pentax, zilitengenezwa kwa ajili ya lenzi ya milimita 50 au 55 kwenye kamera za filamu za 35 mm, na nyuzi zake ni za milimita 49 au 52. Andika namba zote mbili: ya nyuzi, na ya lenzi iliyokusudiwa. Kama hakuna maelezo yoyote, chukulia 50. Utahakikisha kwenye hatua ya 3.

Kisha angalia vioo. Gusa kioo taratibu kwa ncha ya kucha, pembeni kabisa. Kama kucha na taswira yake kiooni vinakutana bila nafasi, fedha (utando unaoakisi) imepakwa juu ya kioo, na hicho ndicho kinachotakiwa. Ukiona nafasi ndogo katikati, fedha iko nyuma kama kioo cha kujitazamia chumbani, na kila mstari mkali utakuwa na kivuli chake hafifu pembeni. Hakuna lenzi itakayotibu hilo. Wanaotaka kujitengenezea adapta waulize mafundi wa mashine za fotokopi na skana: ndani ya mashine zilizokufa mna vioo virefu vyembamba vyenye fedha juu, na ni vizuri kuliko chochote atakachokukatia fundi wa madirisha.

Usichanganye adapta na ile Loreo inayofungwa moja kwa moja kwenye mwili wa kamera. Ile ni lenzi kamili, haihitaji lenzi nyingine nyuma yake.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pembe

Vioo havikai sambamba kabisa. Nusu ya kushoto ya picha kwa asili inatazama kushoto, na ya kulia inatazama kulia, kwa hiyo mtengenezaji ameviinamisha vioo kidogo ili zote mbili zirudi kutazama jambo moja lililo mbele. Mwinamo huo haubadiliki, na umepimwa kwa pembe ya lenzi fulani. Kwa lenzi ya 50 kwenye sensa kamili (full frame) yenye upana wa milimita 36, kila nusu imerudishwa ndani kwa digrii kama 10. Ukifunga lenzi pana zaidi, digrii hizo hazitoshi, na picha mbili zinaachana kila moja na upande wake. Ukifunga ndefu zaidi zinapita kiasi na kupishana. Kwa mfano, lenzi ya 85 kwenye sensa hiyohiyo itafanya macho mawili ya adapta yakutane karibu nusu mita tu kutoka kwenye kamera. Vitu vya mbali vitabaki bila mwenzake.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua namba ya lenzi ambayo adapta ilikusudiwa, zidisha kwa upana wa sensa yako, gawa kwa 36.

Kwa adapta ya 50 kwenye Nikon, Sony au Fujifilm zenye sensa ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko sensa kamili, upana ni kama milimita 23.5, na jibu ni 33. Kwenye Canon za APS-C, upana ni 22.3, jibu ni 31. Kwenye Micro Four Thirds, sensa ndogo zaidi ya Olympus na Panasonic, upana ni 17.3, jibu ni 24. Kwa hiyo mwenye Nikon au Canon ya kawaida anatafuta lenzi ya 35, na mwenye Olympus au Panasonic anatafuta ya 25. Ukikosa namba yenyewe hasa, chagua iliyo ndefu kidogo kuliko jibu, usichague fupi. Ndefu kidogo inakupunguzia pembeni kiasi kinachorekebishika kwenye kompyuta. Fupi inakuonyesha kingo za vioo, na weusi huo hauna dawa.

Hapa ndipo lile wazo la "nunua 50 ya mtumba, ni rahisi" linapowapoteza watu. Lenzi ya 50 kwenye kamera ya APS-C inaona kama 75 au 80. Kwa picha za harusi ni nzuri sana. Kwa adapta ya vioo ni ndefu mno.

Hatua ya 3: Fanya jaribio la kanga kwa lenzi uliyonayo

Usitoe hela bado. Kama una ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, huo ndio mzani wako, hata kama siyo lenzi utakayobaki nayo.

Tafuta ukuta ulio kivulini na ubandike kanga moja ikiwa imetandazwa yote, isiyo na mkunjo. Usiianike kwenye kamba nje: kipindi cha kusi haitatulia. Kanga ina kila unachohitaji: pindo lililonyooka juu na chini, mji wenye maua yanayojirudia, na jina katikati. Tuseme jina lake ni MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Weka kamera kwenye tripodi mita 3 kutoka ukutani, katikati ya jina, kwa kimo cha jina. Funga adapta. Weka tundu f/11 (namba ya f ikikua, tundu linapungua), fokasi ya mkono, kisha piga kwenye 24, 28, 35, 40 na 50, moja baada ya nyingine.

Fungua picha kwenye kompyuta na usome jina katika kila nusu.

Kama jina limesogea kuelekea katikati ya fremu, kwamba kwenye nusu ya kushoto limebanwa upande wa kulia na kwenye nusu ya kulia limebanwa upande wa kushoto, lenzi ni pana mno. Mara nyingi hapo utaona na weusi kwenye kingo za nje.

Kama jina limekimbilia kingo za nje, nusu ya kushoto imepoteza MGENI na nusu ya kulia imepoteza APONE, lenzi ni ndefu mno.

Kama jina limekaa katikati ya nusu zote mbili, na maua unayoyahesabu kushoto kwake na kulia kwake yanakaribiana katika nusu zote, umeipata namba yako. Soma milimita kwenye taarifa za faili, maana alama za kwenye pete ya zumu hazina uhakika. Namba hiyo ina thamani kuliko hesabu ya hatua ya 2, kwa sababu imepimwa kwa adapta yako na kamera yako, hata kama adapta ni ya kujitengenezea au vioo vyake vimewahi kulegea.

Kabla hujabandua kanga, tazama pindo la juu. Kama upande mmoja linapanda na nusu ya pili linashuka kwa kiasi kilekile, mithili ya paa la nyumba, hiyo ni kawaida ya vioo vilivyoinama na programu itainyoosha. Lakini kama nusu moja nzima iko juu na nyingine iko chini, adapta imefungwa mshazari. Izungushe kidogo mpaka mapindo yalingane. Macho yanavumilia tofauti ya kushoto na kulia, lakini tofauti ya juu na chini yanaikataa upesi, na kichwa kinauma.

Hatua ya 4: Kagua mdomo wa lenzi

Sasa unajua namba, tafuta lenzi. Kabla ya kulipa, hasa kama mzigo unatoka Dar kwa basi na hutaushika kwanza, mpigie muuzaji umuulize: "Kaka, ukiwasha fokasi ya mashine ukabonyeza shata nusu, ringi ya mbele inazunguka au inatulia?" Ikizunguka, achana nayo. Adapta itazunguka nayo, na kila ukibadilisha umbali wa fokasi utakuwa umepindisha macho yote mawili. Canon 18-55 za zamani na Nikon 18-55 za mwanzo zina mdomo unaozunguka. 18-55 ya Canon yenye maandishi STM na ya Nikon yenye AF-P zimetulia.

Nyuzi za filta zilingane na adapta au ziwe ndogo kidogo, ili ringi ya kuunganishia imalize kazi. Lenzi yenye mdomo wa 67 au 72 usiihangaikie. Kioo chake cha mbele ni kikubwa kuliko vioo vya kati vya adapta, na weusi hautaepukika. Toa pia filta yoyote ya kulinda kioo. Kila milimita inayoisogeza adapta mbele inakula kingo za picha.

Uzito nao uutazame. Kuna 50 na 35 ambazo bomba la ndani linatoka nje wakati wa kufokasi, na mota ndogo ndiyo inayolisukuma. Ukilining'iniza adapta, mota inahema. Kwenye lenzi hizo zima fokasi ya mashine kabisa, na shika adapta kwa kiganja cha kushoto muda wote.

Hatua ya 5: Elewa mshono wa katikati, uchague tundu

Hili ndilo linalowachanganya zaidi wageni wa picha hizi, na ndilo linaloamua kama lenzi yako itafanya kazi.

Katikati ya fremu, pale nusu mbili zinapokutana, pana mshono. Haukati kama wembe. Ni ukanda wa ukungu ambamo picha ya kushoto na ya kulia zinaingiliana. Upana wake unategemea ukubwa wa tundu la lenzi. Zidisha kipenyo cha tundu kwa milimita za lenzi, gawa kwa umbali kutoka kwenye tundu hadi ukingo wa vioo vya kati. Tuseme umbali huo ni milimita 50 na lenzi ni ya 50. Kwenye f/2 tundu lina milimita 25, na ukungu nao unakuwa milimita 25 kati ya 36 za sensa: karibu picha yote ni mchanganyiko. Kwenye f/8 ukungu unashuka kuwa milimita 6. Kwenye f/16 unabaki 3, na hapo kila nusu ina eneo safi la kutosha.

Kwa hiyo f/1.4 na f/1.8 zinazotangazwa kwenye boksi hazikuongezei chochote. Lenzi ya f/2.8 ya bei ndogo itakupa picha ileile ukiwa kwenye f/11.

Sensa ndogo ina faida hapa. Lenzi ya 25 kwenye Micro Four Thirds ikiwa f/8 ina tundu la milimita 3 tu, na mshono wake unachukua sehemu ileile ya fremu ambayo sensa kamili inaipata kwenye f/16. Anza hivi: sensa kamili f/11 hadi f/16, APS-C f/8 hadi f/11, Micro Four Thirds f/5.6 hadi f/8. Ukizidi hapo ukali wa picha nzima unaanza kulegea, kwa sababu mwanga unatawanyika kwenye tundu dogo mno.

Hatua ya 6: Lenzi zenyewe

Kwa Nikon za APS-C, chaguo langu bila kusita ni AF-S DX 35mm f/1.8G. Nyuzi 52, mdomo umetulia, na fokasi inafanywa na vioo vya ndani vya nyuma ya lenzi. Mistari iliyonyooka kubaki imenyooka nako ni muhimu kuliko kunavyosikika: lenzi inayopinda mistari inaipinda kwa mwelekeo tofauti katika kila nusu, na macho yanashindwa kuzikutanisha. Ndiyo maana lenzi yenye milimita moja tu, isiyo na zumu, kwa kawaida inaishinda zumu.

Sony ya APS-C ina E 35mm f/1.8 OSS yenye nyuzi 49. Canon ya APS-C, tafuta EF 35mm f/2 ya zamani, nyuzi 52. EF-S 24mm f/2.8 ni nyembamba na inavutia, lakini ni pana mno kwa adapta ya 50. Micro Four Thirds, 25mm f/1.7 ya Panasonic au 25mm f/1.8 ya Olympus, zote nyuzi 46, kwa ringi ya kupandisha. Sensa kamili, 50mm f/1.8 yoyote isiyozunguka mdomo. Nikon 50mm f/1.8D haifokasi yenyewe kwenye miili isiyo na mota, kama D3200 au D5300, lakini kwa mwenye sensa kamili ni lenzi imara na nyepesi.

Simu nayo inawezekana. Kamera yake kuu ni pana mno, ila ukiweka 2x unakaribia pembe ya 50, na tundu lake dogo linaacha mshono mkali. Tatizo ni kuishikilia adapta isitikisike.

Hatua ya 7: Lenga kinachosimama

Kila nusu ni picha ya wima na nyembamba. Kwa lenzi ya 35 kwenye APS-C, ukiwa mita 3, unapata upana wa mita 1 na kimo cha mita 1.3 hivi. Mtu mzima aliyesimama anahitaji kama mita 4. Mlango wa nakshi Mikindani wenye kimo cha mita 2.5 unahitaji karibu mita 6, na baadhi ya vichochoro vya pale havina mita 6. Pima kwa hatua kabla ya kufungua tripodi.

Kitu cha karibu kabisa kisiwe chini ya mita 2. Karibu zaidi ya hapo tofauti ya macho mawili inakuwa kubwa, picha inauma. Mbali sana nako kina kinakufa. Ukisimama Newala kwenye Shimo la Mungu ukapiga bonde la Ruvuma peke yake, utapata picha mbili zinazofanana na hakuna 3D. Weka tawi, jiwe au mtu mita 3 mbele, na bonde litarudi nyuma kama linavyorudi ukiwa umesimama pale.

Nguzo za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani zimepangwa kama zilizokusudiwa kwa vioo hivi: moja mita 3, nyingine mita 6, nyingine nyuma zaidi, na matao juu yake. Ndani kuna kivuli, kwa hiyo ni f/8, tripodi na shata ya polepole. Kibali chukua mapema Kilwa Masoko.

Na kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, watu wamepandana kutoka chini hadi juu ya gogo la mpingo, ni kitu chembamba, kirefu, kimejaa matundu yanayoonyesha upande wa pili. Picha ya kawaida inakigeuza kivuli cheusi. Ya 3D inakuonyesha mkono uliopita nyuma ya mgongo wa mwingine. Kama kinyago kina kimo cha mita moja, kaa mita 2.5, mwombe fundi akisogeze ukingoni mwa kibanda ambako mwanga unaingia kwa ubavu na hakuna jua la moja kwa moja. Mpingo uliosuguliwa unang'aa tofauti kwa kila jicho, na jua kali linageuza mng'ao huo kuwa madoa yanayorukaruka.

Hatua ya 8: Fokasi na mwanga

Nukta ya fokasi ya katikati inaangukia kwenye mshono, haioni kitu. Hamishia nukta kwenye nusu moja, au fokasi kwa mkono ukikuza picha kwenye skrini. Flashi ya kamera isahau, adapta inaizuia. Jua la saa nne asubuhi pwani, f/11, ISO 100, spidi 1/200 inatosha kuanzia. Chini ya mkorosho wenye kivuli kizito panda ISO 800.

Hatua ya 9: Kompyuta, halafu chumvi

StereoPhoto Maker ni programu ya bure ya Windows. Inakata fremu katikati, inalinganisha nusu mbili yenyewe na kunyoosha yale mapindo yaliyoinama, kisha unakata ukungu wa mshono. Hifadhi kushoto kukiwa kushoto. Kwa kutazama bila kifaa, picha nzima kwenye simu isizidi upana wa sentimita 12 au 13. Ukitaka kuwaonyesha watu ukutani, toa toleo la miwani ya nyekundu na samawati.

Ukirudi kutoka Shangani au Msimbati, usivifute vioo kwa kanga, tishu wala shati. Fedha iko juu na inakwaruzika mara moja. Puliza vumbi kwa pampu ya mpira. Alama ya chumvi iondoe kwa pamba mpya iliyoloweshwa maji safi yaliyochujwa, ukiiburuza mara moja bila kukandamiza, kisha tupa pamba hiyo. Adapta ikae kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na vifuko hivyo vibadilishe kila masika yanapoanza.